Mbao ni ya kila mutu, shaba ni ya nani?



Siku ya Mungu, kisha misa, mutu akipita polepole mu njia za Makomeno atasikia nyuma ya lupango sauti ya randa. Papa mumoja, fonksionere ao mwalimu mwenye pensio, amevaa kaptula, anapiga randa ubao wa mulombwa. Hakuna aliyemuagiza, wala hatauza. Anatengeneza kiti ya mama wa nyumba, ao rafu ya vitabu vya watoto, ao nyumba ya kuku. Ukimuuliza, atacheka tu: "Niko napitisha siku, mwanangu. Kazi ya moyo." Ndivyo tunavyoiitaka hapa: kazi ya moyo, mbali na kazi ya tumbo. Wenye kupenda kifransa wanasema brikolaje.

Sasa tafuta mu njia zile zile papa mwenye kufanya kazi ya moyo na chuma ao na shaba. Utatembea mpaka jua liingie. Wasudere utawaona, ndiyo. Wako pembeni ya barabara, wanasudea milango na madirisha ya watu wengine, na mangaribi wanahesabu feza. Hiyo ni kazi ya tumbo, na tunaiheshimu. Lakini mutu mwenye kuketi mu lupango lwake na kupiga-piga kipande cha shaba mpaka kiwe kikombe, kwa furaha yake tu? Sisi ambao tumekaa hapa miaka mingi, tukijaribu kuwahesabu, hata vidole vya mukono mumoja havijai.

Na hapa ni wapi? Hapa ni Lubumbashi. Muji huu ulizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba. Jimbo lote liliitwa Shaba kutoka 1971 mpaka 1997. Bendera ya Katanga ya 1960 ilibeba misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Shimine ndefu ya Gécamines na mulima mweusi wa terili njo alama ya muji. Mugeni akitaka kupiga picha, anaelekeza aparei kule. Tumebeba jina la shaba, tumeipigania, tumeililia. Lakini mikono yetu inajua mbao. Juu ya nini?

Majibu ya haraka

Tukiuliza swali hili, watu wanajibu mbio. Wa kwanza anasema: moto. Shaba inayeyuka ku digri 1,085, chuma ku 1,538. Nani atawasha moto wa namna ile mu lupango, watoto wakicheza karibu? Wa pili anasema: vyombo. Randa na musumeno vinapatikana ku soko, lakini posti ya kusudea ni bei, na umeme ukikatika kazi inalala. Wa tatu anasema: makelele. Wa nne anasema: makosa, eti mbao inasamehe, chuma haisamehe.

Majibu haya ni ya kweli nusu. Si lazima kuyeyusha shaba ili kuifanyia kazi. Bati ya shaba inapigwa baridi. Ukiipiga sana inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Lakini ukiiweka mu makala mpaka iwe nyekundu, kisha ukaitumbukiza mu maji, inarudia laini. Mbabula ile ile ya kupikia bukari, ukiipepea vizuri, inatosha. Na vyombo? Nyundo, kipande cha muti chenye shimo, misumari mikubwa iliyosuguliwa ncha. Wale wanaomwaga masufuria ya aliminiomu mu vichochoro vya site, kutoka vipande vya moteri za zamani, wanafanya hivyo bila fabriki yoyote, kwa sababu aliminiomu inayeyuka ku digri 660 tu. Na juu ya makelele, jirani mwenye kupigilia misumari ya dari siku nzima hana haki ya kumulaumu mwenye kupiga shaba.

Juu ya makosa, sisi tunaona kinyume. Ubao ukiukata mufupi, umekuwa mufupi milele. Shaba ukikosea, unairudisha ku moto na unaanza upya. Kati ya hivi viwili, kinachosamehe zaidi ni kile tunachokiogopa. Basi, sababu iko fasi ingine.

Mulango mumoja

Mababu hawakuogopa moto. Ku Naviundu, karibu na muji wetu, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta alama za kuyeyusha shaba za karne ya 4 hivi. Ku Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, makaburi yaliyofunguliwa tangu 1957 yalionyesha watu waliozikwa na misalaba ya shaba: kwanza mikubwa na michache, kisha midogo na mingi, ya kushikwa mukononi, alama kwamba imekuwa feza. Na Wayeke wa Bunkeya, wakati wa mufalme Msiri aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, walijua hata kuvuta shaba mpaka ikawa waya nyembamba ya kufanya vikuku.

Lakini tuangalie vizuri: nani alikuwa anafanya kazi hiyo? Mwaka 1926 Monsenyere de Hemptinne aliandika juu ya "wakula-shaba" wa Katanga. Kazi yao ilikuwa na wakati wake, kiangazi, kisha mavuno. Ilikuwa na mukubwa wake, mwenye kujua dawa na miiko. Tanuru zilijengwa na udongo wa kichuguu, mivukuto ikavuma, na kila mutu alikuwa na fasi yake. Kijana hakuamka asubuhi akasema, "Leo nitayeyusha kidogo, nione." Na shaba ikitoka, mukubwa wa inchi alikuwa na fungu lake.

Kwa Waluba ni vile vile. Hadithi ya Mbidi Kiluwe na mwana wake Kalala Ilunga inafunga ufalme na uhunzi kamba moja. Wanamuke wa heshima walivaa mu nywele pini za chuma zenye umbo la fuawe dogo, zilizoitwa kinyundo, na kupiga fuawe kulikuwa kati ya desturi za kumusimika mufalme. Chuma ilikuwa siri na enzi.

Mutu atatuambia: hata mbao ilikuwa na wakubwa wake. Ni kweli. Lukasa, ule ubao wa kushikilia kumbukumbu za ufalme, haukuchongwa na kila mupita njia, wala viti vya wafalme vyenye sanamu ya mwanamuke aliyebeba. Lakini pembeni ya hivyo, kila mwanaume wa kijiji alichonga mupini wa jembe lake, kinu cha mama yake, mwiko, kitanda. Jembe lenyewe alilipata kwa muhunzi, mupini alijifanyia. Mbao ilikuwa na milango miwili, mulango wa wakubwa na mulango wa watu wote. Shaba na chuma vilikuwa na mulango mumoja tu, na mulango ule ulilindwa.

Kisha mulinzi akabadilika

Wazungu walipofika hawakufungua mulango, walibadilisha mulinzi. Comité Spécial du Katanga iliwekwa 1900, Union Minière ikaundwa 1906, na 1911 furu ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Tangu hapo shaba ilitoka mu udongo ikaenda mu furu, ikatoka mu furu ikaenda mu treni. Mutumishi aliyeimwaga siku nzima alirudi nyumbani mikono mitupu. Kutoka nayo, hata kipande cha kidole, ilikuwa wizi.

Wazee wetu walisemaka "kazi njo baba, kazi njo mama", na kweli kampani iliwapa posho, nyumba, lopitali na masomo. Ilifundisha pia mafundi wa kweli: wazhistere, watourneri, wasudere wenye kusoma plani na kupima kitu mpaka sehemu ya milimetri. Wasalesiani nao, waliofika Katanga 1911, waliweka masomo ya ufundi. Hatuwezi kusema watu wetu hawakujua chuma. Waliijua kupita wengi mu Afrika. Lakini waliijua kwa saa ya kazi, na mashini ya kampani, juu ya plani ya mwingine. Sirene ikilia, ujuzi ulibaki ku atelie pamoja na ovaroli. Nyumbani walichukua randa.

1967 mali ikawa ya taifa, Gécamines ikazaliwa. Kumbe, kwa mikono ya mutu mudogo hakuna kilichobadilika. Mu 1986 ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka. Miaka michache baadaye tani hazikufika hata sehemu ya kumi ya zile. Kisha 2003 ikaja "departi volontere", watumishi zaidi ya 10,000 wakaenda na bahasha. Mikono yenye ujuzi wa chuma ikajaa mu malupango ya muji mara moja. Huo njo ulikuwa wakati wa kazi ya moyo kuzaliwa. Haikuzaliwa.

Juu ya nini? Tulimuuliza muzee mumoja aliyefanya uzhistere miaka mingi. Tulimukuta anasugua mugongo wa kiti cha mbao na papiye-vere. "Papa," tukamwambia, "na ile kazi yako ya chuma?" Akatuangalia kama watoto wasiojua muji. "Bana bangu, mutu eko na mbao, banamwitaka menizie. Mutu eko na shaba, banamwitaka mwizi."

Jibu liko pale. Miaka ile kamba za umeme zilikatwa usiku, mashini ziliuzwa kwa kilo, na biashara ya mitraye ilikula mpaka reli. Mutu akikutwa na bati ya shaba ku kinga, hata aliyoinunua kwa feza yake, ilibidi aeleze, na maelezo yana bei. Nani atatafuta furaha mu kitu cha kumupeleka ku kashoti?

Vitu vitatu mu saluni moja

Tuingie sasa mu nyumba moja ya hapa Makomeno, tuhukumu kwa macho. Mu saluni kuna kiti ambacho papa alijifanyia, ku ukuta kuna tablo ya shaba iliyopigwa na nyundo, na chini ya meza kuna mutuka ya waya ya mutoto.

Kiti kina kasoro. Muguu mumoja umezidi, wakaweka karatoni chini. Lakini mugongo wake umeinama kufuata mugongo wa mama wa nyumba, ambaye anaumwa kiuno. Kiti kile kinamujua mutu. Kasoro yake haituchokeshi, kwa sababu tunaona fasi papa alipofikiri, akakosea, akafikiri tena.

Tablo ya shaba haina kasoro, na hiyo njo kasoro yake. Tembo, ao mama anatwanga, ao ramani ya Kongo, na pembeni muti wa ngazi. Tumeziona mu hoteli, mu biro, mu masanduku ya wageni wanaopanda ndege. Aliyeipiga anajua kazi, hatumukatalii. Kuinua shavu la mama kutoka nyuma ya bati bila kuitoboa, kuirudisha ku moto kwa saa yake, kuandika nywele na ncha ya musumari, kupaka verni ili isigeuke kijani, hayo ni mayele ya miaka. Lakini ameipiga mama yule mara ngapi? Macho yake hayaangalii tena mwanamuke yeyote wa Lubumbashi; yanaangalia tablo ya jana. Hakuna fasi alipojaribu. Hawezi kujaribu, maana bati ni bei, na mununuzi anataka tembo. Uhodari umebaki, udadisi umekufa. Tunamusikitikia kuliko kumulaumu: shaba iliyomufikia imemufikia kama kazi ya tumbo, haijawahi kumufikia kama muchezo.

Sasa tuvute mutuka ya waya. Mutoto wa miaka tisa ao kumi ameifanya na waya aliyookota, bila moto, bila nyundo, kwa vidole na pengine pensi ya kuazima. Ina kabini, ina sasi, ina magurudumu ya vifuniko vya mikebe na mupira wa sandali kuukuu. Fimbo ndefu ya waya inatoka ku ekseli ya mbele mpaka ku mikono yake, na ku mwisho ina volani. Akigeuza volani, magurudumu yanageuka kweli. Tuliangalia vizuri moja ya namna hii: ilikuwa na lami za resori nyuma, zilizopangwa ndefu kwa fupi, sawa na za malori yanayoenda Kasumbalesa. Hakuna mwalimu aliyemwambia. Alisimama ku barabara, akaangalia, akarudi nyumbani, akakunja.

Kati ya vitu hivi vitatu, sisi tunasema bila haya: kazi bora ya chuma mu nyumba ile ni mutuka ya mutoto. Ina jicho, ina swali, ina furaha. Waya njo njia ndogo iliyobaki wazi pembeni ya mulango ule uliolindwa, kwa sababu hakuna polisi mwenye kumukamata mutoto juu ya waya ya kufungia lupango. Na ajabu, Wayeke nao sifa yao kubwa ilikuwa waya.

Lakini tulimuuliza kaka yake wa miaka kumi na mitatu kama naye bado anatengeneza. Akaona haya. "Hapana, yaya. Ile ni ya batoto." Kwa umri ule papa amemushikisha randa. Hakuna aliyemushikisha koleo. Hapo tu, kati ya miaka kumi na miaka kumi na mitatu, muji wa shaba unapoteza wahunzi wake kila mwaka.

Walioingia kwa nguvu

Hatusemi kwamba hakuna aliyejaribu. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alipeleka ku Biennale ya Venice mu 2015 vibao vya shaba vilivyopigwa alama za chale za ngozi, zile alama ambazo mababu walivaa mwilini. Shaba ile ile, nyundo ile ile; lakini tembo hayupo, kuna swali. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa hapa 1974 na kusomea umeme, anajenga mashini za ajabu na karatoni na waya. Ukiziona unakumbuka mara moja mutuka yetu, kama kwamba yeye alikataa kuona haya ku miaka kumi na mitatu. Ku Kinshasa, Freddy Tsimba anasudea vijiko, mapanga na maganda ya risasi mpaka yanakuwa watu.

Tunawashangilia. Lakini kazi ya msanii mukubwa ni kazi ya ekspozisio. Inawafikia wengi mu picha tu, na papa wa Makomeno hasemi, "Nami nitajaribu siku ya Mungu." Desturi haiishi kwa wakubwa peke yao. Mbao iliishi kwa sababu nyuma ya muchonga lukasa kulikuwa watu elfu wenye kuchonga mipini.

Tufanye nini?

Kwanza tukubali makosa yetu, sisi wa mashirika ya utamaduni. Mara ngapi tumefanya feti na kuonyesha ngoma, vinyago, vikapu na mapishi! Musalaba wa shaba tuliuweka ku kibao, ku tisheti, ku karatasi ya mwaliko. Hatukumuita hata mutu mumoja mwenye kupiga shaba akae katikati ya watoto. Tuliufanya musalaba kuwa alama, na alama haitoki jasho.

Pili, tuwaite wazhistere na wasudere wazee wangali hai. Wengi wamekwenda tayari, na kila mazishi yanachukua ujuzi ambao kampani ililipia miaka makumi. Hatuwaombi kufungua atelie. Jumamosi moja kwa mwezi, chini ya muti wa maembe, wawaonyeshe vijana namna ya kunoa, kupima, kukunja, kulainisha bati mu mbabula. Tuanze na mikebe na aliminiomu ya zamani, vitu ambavyo havimuletei mutu maneno. Shaba ikija, ije na karatasi ya mununuzi, na shirika lisimame mushahidi.

Tatu, tusitulie juu ya mbao. Mu miaka ya 2016 na 2017 tuliona malori ya mukula yakielekea mupaka, magogo mekundu yakienda mbali sana, na kijiji kilibaki na visiki. Makala inakula pori zingine. Mulombwa ambao papa anapiga randa leo unatoka mbali kila mwaka. Mbao nayo inatafutiwa mwenyewe mumoja. Siku itakapofungwa, tutakuwa na mikono gani?

Na nne, jambo dogo ambalo kila muzazi anaweza kulifanya leo mangaribi. Mutoto akikuonyesha mutuka yake ya waya, usiseme "ni muzuri" na kurudia ku televizio. Keti chini. Muulize namna gani volani inageuza magurudumu. Na akifika miaka kumi na mitatu, mbele ya kumupa randa, umupatie pensi.